Kiti Kiitwacho Safari

Oktoba 1917 Ruponda, iliyoko Nachingwea mkoani Lindi, ilikuwa ghala. Jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limerundika hapo chakula chake, na katika wiki ya pili ya mwezi huo Waingereza wakaiteka. Siku chache baadaye, tarehe 15 hadi 18, majeshi hayo yakakutana Mahiwa, karibu na Nyangao, yakachinjana siku nne mfululizo. Miezi mitatu nyuma yalikuwa yamepigana Narung'ombe, ambayo leo imo katika wilaya ya Ruangwa. Novemba ilipokaribia kwisha von Lettow akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaiacha nchi hiyo ya Wamwera ikiwa imelisha majeshi mawili.

Vitabu vya Vita hivyo vya Kwanza vya Dunia vimejaa majenerali na ramani zenye mishale. Mimi nataka kusimulia habari za kiti.

Ofisa wa Kiingereza hakwenda vitani mikono mitupu. Alikuwa na hema, kitanda cha kukunja, beseni la turubai la kuogea, meza ndogo, taa, sanduku la chakula na kiti. Magari yalikwama kwenye tope la masika, nyumbu na farasi waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila kitu, kuanzia risasi mpaka kiti hicho, kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Tangu enzi za misafara ya Bagamoyo mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa ratili 60, sawa na kilo 27 hivi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, wengi kwa nguvu, na hesabu yao wenyewe inataja vifo zaidi ya 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Dar es Salaam imewatunza kwa namna yake: mahali walipopiga kambi pakaitwa kwa jina la kikosi chao, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo.

Kwa hiyo aliyebuni kiti cha ofisa alikuwa na mabwana wawili. Mmoja alikuwa na makalio, mwingine alikuwa na kichwa. Kiti kilipaswa kumstahi wa kwanza jioni moja, na kisimzidi wa pili mchana kutwa.

Jawabu lilipatikana India mwishoni mwa karne ya 19, na kiti kikaitwa Roorkhee, kwa jina la mji wa Roorkee walikokuwa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Tuseme fundi yeyote wa Nachingwea akionyeshwa leo, ataelewa mara moja. Miguu minne ya mviringo, kila mmoja una matundu. Vijiti vinne vya kuiunganisha vimechongwa ncha zake zikawa nyembamba kama kigingi, vinaingia kwenye matundu hayo bila gundi na bila msumari. Turubai la kukalia limewambwa kati ya vijiti, na mikanda miwili ya ngozi ndiyo ya kuegemeza mikono. Ukikivuta kiti mkononi kinachezacheza, unaweza kudhani fundi amekuibia. Kaa sasa. Uzito wako unavuta turubai, turubai linavuta vijiti, vijiti vinakaza miguu. Kadiri unavyokuwa mzito ndivyo kinavyoshikana. Ukikiweka penye mabonde na visiki, kila mguu unatafuta mahali pake, kwa kuwa hakuna kiungo kilichogandishwa. Asubuhi mtumishi anakivunja kwa mikono mitupu, anavifunga vijiti ndani ya turubai, na kinakuwa mzigo mdogo juu ya mzigo mwingine.

Mwaka 1933, jijini Copenhagen, mchoraji wa fanicha aitwaye Kaare Klint alikichukua kiti hiki akakitengeneza upya.

Klint hakuwa mtu wa papara. Alizaliwa mwaka 1888, mtoto wa msanifu majengo, na mwaka 1924 alipewa jukumu la kufundisha fanicha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark. Wanafunzi wake walianza na futi ya kupimia kabla ya penseli. Walipima miili ya watu. Walipima sahani, vikombe, mashati yaliyokunjwa, kisha wakachora kabati ambalo nafasi zake zinatokana na vitu vitakavyowekwa humo. Klint aliamini kwamba mambo mengi ya viti yalikwisha kutatuliwa zamani na mafundi wasiojulikana majina, Wamisri, Wachina, Waingereza wa karne ya 18, na kazi ya mchoraji wa leo ni kuondoa kilichozidi. Inasimuliwa kwamba kiti cha maofisa alikiona katika picha za Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliokuja Afrika Mashariki kupiga filamu za wanyama.

Akakipunguza. Akachagua mti mweupe wa nchi za baridi, akailainisha mizunguko ya miguu, akarekebisha vimo na mlalo wa mgongo, akaweka turubai au ngozi, na karakana ya Rud. Rasmussen ikaanza kukitoa. Akakipa jina la Kiswahili: Safari.

Neno letu lilikuwa limetembea sana kufika hapo. Tulilipata kwa Waarabu, tukalifanya la kwetu, Waingereza wakalichukua katika karne ya 19 wakalivisha kofia na bunduki. Kwa mpagazi wa Kilwa au Lindi safari ilikuwa siku nyingi za jua na maji ya kubahatisha. Kwa Mzungu wa miaka ya 1930 ilikuwa simba, machweo na kinywaji mkononi. Kiti kimebeba maana hii ya pili. Hakuna aliyefikiria kukiita Mpagazi, ingawa ndiye aliyekipa wepesi wake.

Niingize hapa jambo dogo, maana linanichekesha. Desemba 1913 meli iitwayo Admiral ilikuwa ikielekea Mombasa. Ndani yake alikuwamo binti wa Kidenmark aliyekuwa akienda kuolewa na kulima kahawa karibu na vilima vya Ngong, na alikuwamo pia ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akienda kupokea majeshi ya Dar es Salaam. Wakapatana sana safarini. Binti ni Karen Blixen. Ofisa ni von Lettow-Vorbeck, yule yule wa Ruponda. Mwaka 1931 shamba lilimshinda Karen Blixen akarudi kwao, na mwaka 1937 akatoa kitabu kuhusu shamba hilo ambacho kimewafanya watu wengi wa Ulaya watamani veranda yenye viti vya kukunja. Hivyo basi kiti cha Klint kilipata mama wa kukisemea.

Lakini kutamani peke yake hakudumishi fanicha kwa miaka 90. Wadenmark wa wakati ule waliishi katika fleti finyu, wengi walipanga, walihama. Kiti kinachovunjwa kwa mikono na kubebwa ndani ya mfuko kilikuwa rafiki yao. Turubai likichakaa unanunua turubai, mguu ukivunjika unanunua mguu. Hakuna kilichofichwa chini ya kitambaa: kila kiungo unakiona, na unaweza kukieleza kwa mtoto.

Mwaka huo huo, 1933, kule Ufini, Alvar Aalto alitoa stuli ya miguu mitatu ya mti mweupe wa kwao, na miaka miwili baadaye yeye, mkewe Aino na wenzao wawili wakafungua kampuni ya Artek kuiuza. Ulimwengu umeisifu kama kitu kipya. Mwenzangu uliyekulia kwenye nyumba ya sakafu ya udongo huhitaji somo hilo. Kiti cha miguu minne kwenye udongo daima kina mguu mmoja unaoning'inia, na mgeni anakaa ameshika ukuta. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata ukikiweka juu ya mizizi ya mwembe. Aalto alichoongeza ni namna ya kuukunja mguu: aliuchana kwa msumeno ncha moja, akapenyeza vipande vyembamba vyenye gundi, akaupinda ukawa kama herufi L, ili uweze kufungwa chini ya kikalio kwa skurubu na stuli zipandane moja juu ya nyingine. Hilo ndilo lake. Hiyo mitatu ni ya watu wote.

Na zipo fanicha nyingine. Mwaka 1947 Børge Mogensen, aliyepata kusoma kwa Klint, alichora kiti kwa ajili ya FDB, muungano wa vyama vya ushirika vya Denmark, ili mwanachama wa kawaida aweze kukinunua dukani kwake. Wakakiita kiti cha watu. Miaka miwili baadaye Hans Wegner akatoa kile chenye mgongo wa herufi Y, ambacho kikalio chake kinawambwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi ya mita 120. Kamba ya karatasi! Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewakosesha nyasi za baharini walizozoea kusokota, wakasokota karatasi. Mtu wa pwani aliyewahi kuona kitanda cha kamba kikiwambwa, mmoja anavuta na mwingine anakaza kwa kigingi, atamtambua Wegner kuwa ni mwenzake.

Finn Juhl alikuwa na majivuno zaidi. Katika maonyesho ya mwaka 1949 aliweka kiti kipana cha ngozi chenye mikono kama ngao, na Mfalme Frederik wa Tisa alipopita akakikalia. Watu wakataka kiitwe kiti cha mfalme. Juhl akasema heri kiitwe kiti cha chifu. Kwetu jambo hilo lisingehitaji mjadala: anayeongoza kijiji anaitwa mwenyekiti, yaani mwenye kiti, na wengine wote wako kwenye mkeka.

Sasa nirudi kwa Klint, kwa sababu uzi wake haukuishia kwenye turubai. Baba yake, Jensen-Klint, alianza kujenga Copenhagen kanisa kubwa la matofali ya manjano kwa kumbukumbu ya mchungaji na mshairi N.F.S. Grundtvig. Akafariki mwaka 1930 kanisa halijaisha. Kaare ndiye aliyelimaliza, likazinduliwa mwaka 1940, na ndani yake hakuna mabenchi ya kawaida. Kuna viti alivyovichora mwenyewe, vya mti mtupu na vikalio vya kusukwa, safu kwa safu, kiti cha muumini wa mbele hakina tofauti na cha yule aliye mlangoni.

Huyo Grundtvig ndiye aliyewaambia Wadenmark kwamba mkulima mtu mzima anapaswa kuwa na shule yake, shule ya mazungumzo isiyo na mitihani, watu wakae pamoja bwenini wajifunze maisha. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo likaenea Uswidi, Norwe na Ufini. Na mwaka 1975 likafika Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Waswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo hatimaye vikawa zaidi ya 50. Kusini vimo Masasi, Newala, Chilala. Mtu alikwenda kutoka kijijini kwake, akajifunza kilimo, uashi, ushonaji, useremala, akarudi.

Haikuwa mara ya kwanza watu wa kaskazini mwa Ulaya kujenga shule hapa. Nchi nne za huko zilianzisha kituo chao Kibaha mwaka 1963, wakakikabidhi kwa Tanzania Januari 1970, na ndicho Shirika la Elimu Kibaha tulijualo. Wafini nao walihamia mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, kwanza kwa visima na mabomba ya maji, kisha kuanzia 1988 kwa mradi wa vijijini uitwao RIPS. Wanorwe walisaidia kiwanda cha mbao cha Sao Hill huko Mufindi. Kwa watu wa Nachingwea wageni wa aina hii walikuwa afadhali, kwani walikwisha kuwaona wengine. Mwaka 1947 Waingereza walishuka na matrekta na mradi wa karanga. Wakajenga reli kutoka pwani na bandari Mtwara, wakateketeza pauni milioni 36 au karibu yake katika Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa pamoja, na Januari 1951 wakatangaza kwamba basi. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960.

Turudi kwenye viti. Naona watu wengi hukosea wanapodhani mvuto wa fanicha za kaskazini uko kwenye rangi: mbao nyeupe, ukuta mweupe, chumba kisicho na kitu. Vijana wa Dar es Salaam humwonyesha fundi picha kwenye simu, wakataka meza ya mtindo huo kwa paini. Paini ya Sao Hill ni mbao nzuri, nyepesi, bei yake inavumilika. Ipeleke Ruponda, iweke kwenye sakafu inayogusa udongo, halafu subiri mvua mbili. Mchwa hawasomi majarida ya usanifu. Kule Denmark adui wa kiti ni hewa kavu ya chumba kilichopashwa moto. Huku adui anatoka chini na ana meno. Ndiyo maana wazee wa Lindi walitafuta mninga na mkongo, na kwa vitu vya kudumu kizazi baada ya kizazi, mpingo. Mninga una uzuri ambao mti wa Klint hauna: rangi ya asali iliyochanganywa na damu, haupindi ukikauka vizuri, na randa inapita juu yake kama kisu kwenye embe bivu. Ubaya wake ni kwamba unachukua makumi ya miaka kukua na dakika chache kuangushwa. Leo gogo halali lina kibali na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na fundi asiye na kibali anafanya kazi huku akitazama barabarani.

Ukipita kwenye karakana za kando ya barabara, Nachingwea au Ruangwa, utaona kazi za namna mbili zikitoka kwenye kivuli kimoja. Kitanda ni kazi ya ukweli. Fundi anachonga ulimi kwenye mbao moja, anatoboa tundu kwa patasi kwenye nyingine, anajaribu, anatoa, anapunguza unywele mmoja, anajaribu tena. Kisha kuna kochi. Kochi limebanwa misumari na vipande vya mbao visivyofanana, likajazwa sponji, likavishwa kitambaa cha maua, na nyumbani mama ataliongezea vitambaa vya kufuma kwa mkono kila mahali penye mgongo na mkono. Sivibezi vitambaa hivyo. Vimetunza heshima ya nyumba nyingi. Ninachosema ni kwamba kochi la namna hii likilegea hulirekebishi, unalichoma. Na mara nyingi ni kubwa kuliko mlango. Nimeona mlango ukitolewa pamoja na fremu yake ili kochi lipite, na bwana harusi amesimama pembeni akihesabu gharama ya mwashi.

Kiti cha Klint, kwa mtazamo huu, ni ndugu wa kitanda. Hakina haya ya viungo vyake. Hata kile kiti cha uvivu cha turubai, ambacho mwalimu mstaafu anakitoa nje saa kumi jioni na kukirudisha ndani magharibi, kimo katika ukoo huo: vijiti vichache, kitambaa kimoja, mwili wa mtu ndio unaokamilisha kazi. Tofauti ni kwamba kampuni ya Carl Hansen & Søn inauza Safari hadi leo, kwa namba na jina la mchoraji, huku kiti cha mwalimu hakina jina la mtu. Klint mwenyewe angeona ni sawa. Alitumia maisha yake kuwavulia kofia mafundi wasio na majina.

Oktoba Ruponda siku hizi ni mwezi wa korosho. Magunia yanakwenda kwenye vyama vya msingi, mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI unafanyika, na pesa zikianza kuwafikia wakulima, mafundi nao wanapokea oda: kitanda tano kwa sita, kabati la vyombo, meza ya mwanafunzi. Mzigo ukiwa tayari hakuna lori la kuusubiri. Fundi anakivunja kitanda alichokikamilisha jana, anafunga chaga kwa mpira wa baiskeli ubavuni mwa bodaboda, miguu inakwenda upande wa pili. Unabaki ubao wa kichwani, mninga mtupu uliopigwa msasa mpaka unang'aa, ambao hauna pa kufungwa. Basi kijana wa karakana anapanda nyuma, anaviringisha fulana yake kuwa kata, anajitwisha ubao huo, mkono mmoja ukiushikilia na mwingine ukimshika dereva. Boliti ziko mfukoni mwake, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.